Kilo Tano za Unga

Tulikwenda Memorial na mfuko wa sembe,
kilo tano, mdomo umeshonwa kwa uzi.
Wazo la mama mkwe wangu, Mama Eliaichi,
aliyelea sita na kumzika mmoja,
na haamini chombo chochote cha mtoto
ambacho hajakitikisa kwa goti.
"Mtoto wa miezi sita ni hizi kilo tano," alisema,
"na mbili za mateke."

Begi kwanza.
La waridi lilikuwa na maua, na pambo la dhahabu,
na zipu inayotaka mikono miwili.
Akanipakata unga mkono wa kushoto:
"Sasa fungua."
Sikuweza.
"Basi hilo ni begi la mtu asiye na mtoto."

La pili jeusi, limepauka kwenye mishono,
mifuko sita nje, ndani bitana
inayofutika kwa kitambaa kibichi.
Nikaingiza mkono mfuko wa pembeni
nikaibuka na biskuti ngumu kama kigae,
imeumwa ncha:
alama za meno mawili, madogo, ya chini.
Muuzaji akaomba radhi, akataka kuitupa.
Nikamzuia, sijui kwa nini.
Alikuwa akililia nini huyo,
foleni gani, mji gani wa baridi,
mama yake akapapasa bila kutazama
akaipata?
Nikatoa elfu kumi na nane pasipo kupatana,
kosa ambalo hadi leo hutajwa mezani.

Kiti ndicho kilichotuweka hadi adhuhuri.
Cha plastiki chenye picha ya twiga: mkanda umekatika.
Cha chuma: miguu imekaribiana
kama watu wanaosengenya.
Mama mkwe akamkalisha unga,
akakisukuma kwa kidole kimoja.
Unga ukaanguka kifudifudi.
Soko zima likacheka. Yeye hakucheka.
Alimwinua, akamkung'uta vumbi,
akampigapiga mgongoni
kabla hajakumbuka.

Kigari cha kusukuma hatukukigusa.
Anayeijua Pasua na mitaro yake
hanunui magurudumu yaliyo sawa na vifungo vya shati.
Mgongo upo, kanga ipo.

Kiti tulikipata Njoro, kwa fundi Ndelamio,
mbao za mgrivea, bado zanukia randa,
miguu imetanuka
kama ya ndama anayejifunza kusimama.
Mama mkwe akaomba maji,
akayamwaga juu ya kiti kipya cha watu,
akainama kutazama yanakokimbilia.
"Uji hutafuta ufa," alimwambia fundi.
"Ziba hapa. Na hapa. Nitarudi saa kumi."
Na fundi, mwenye miaka thelathini kazini,
akajibu, "Ndiyo, mama."

Mume wangu aliporudi jioni alikuta
unga umeketi mezani, umefungwa mkanda,
begi jeusi limening'inia nyuma ya mlango
na biskuti ya mwenyewe mfukoni.
Hakuuliza. Alinawa, akavuta bakuli la mtori,
akaugeukia unga: "Karibu tule, mzee."
Tukala, watatu wa kutafuna, mmoja wa sembe,
na mmoja ndani yangu akigonga, akigonga,
kama abiria aliyekuta kiti chake kina mtu.

Asubuhi nilimkuta mama mkwe jikoni,
sufuria ya uji inachemka bila kitu.
Amesimama mbele ya kiti, kikombe mkononi,
uzi ameshaufumua,
hajui aanzie wapi kuchota.